Kabla Hujaikata Picha

Ndugu msomaji, sebuleni kwetu imetundikwa picha ya arusi ya dada yangu, iliyopigwa mwaka 1979. Maarusi wamekaa katikati, wazazi wa pande zote mbili wamesimama nyuma yao, na watoto wameketi mkekani. Ni picha nzuri, na kila mgeni huisifu. Lakini ukiitazama vema upande wa kushoto, utaona vidole vya mkono vimelala juu ya bega la mama, na mwenye vidole hivyo haonekani. Huyo ni shangazi yetu, aliyetulea tangu tukiwa wadogo.

Shangazi hakupenda kupigwa picha. Siku ile alivutwa kwa nguvu, akasimama ukingoni kabisa mwa mstari. Picha ndogo tuliyoletewa kwanza ilikuwa naye mzima, na kanga yake na tabasamu lake. Mwaka uliofuata mimi mwenyewe nilinunua fremu ya inchi 8 kwa 10, nikaenda studio kuagiza picha ile ikuzwe, nikamwambia fundi neno moja tu: ijaze fremu. Naye akaijaza. Baadaye picha ndogo ilipotea tulipohama nyumba, na filamu ilitoweka studio ile ilipofungwa. Shangazi alipofariki, tukatafuta picha yake ya kuwaonyesha wajukuu. Ndipo tulipotambua kwamba tunayo hiyo moja tu, na ndani yake vimo vidole vyake basi.

Simlaumu fundi, kwani alitenda nilivyomwagiza. Kosa lilikuwa langu: sikuwahesabu watu kabla ya kuagiza. Siku hizi kupiga picha kumekuwa burudani ya karibu kila nyumba yenye simu ya kamera, na kosa langu laweza kufanywa na yeyote mara kumi kwa siku. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya mahali patatu ambapo mtu wa pembeni hupotea: gizani, kwenye mkasi, na ndani ya fremu.

Giza nalo hukata

Shughuli zetu nyingi za furaha hufanyika usiku, na wengi wetu giza likiingia hutegemea flashi. Flashi ina faida yake, lakini mwanga wake hudhoofu upesi mno. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hupungua kuwa robo. Mtu aliyesimama mita 4 kutoka kwenye kamera hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 2. Ndiyo sababu bibi arusi hung'aa kama chokaa ilhali wajomba waliosimama nyuma yake wamemezwa na giza.

Dawa yake ni rahisi. Usiwapange watu mistari mingi kwenda nyuma. Wapange kama upinde wa mwezi mchanga, ili kila mmoja awe karibu sawa na mwenzake kwa umbali kutoka kwenye kamera. Au zima flashi kabisa, uwaweke karibu na taa au ukuta mweupe, kisha kamera uiegemeze juu ya meza, kiti au stendi ya miguu mitatu. Mwanga ukiwa haba kamera hulazimika kufumbua jicho lake kwa muda mrefu zaidi, na mkono wa binadamu hautulii kwa muda huo. Usibonyeze kwa kidole. Tumia saa ya kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 2 au 10. Simu nyingi za sasa zina mpango maalumu wa usiku, ambao huchukua picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Waambie wenzako watulie mpaka kazi iishe, la sivyo nyuso zitakuwa moshi.

Mwenye hamu ya kupiga mandhari ya mji asingoje giza totoro. Pwani yetu iko karibu na Ikweta, na machweo yake ni mafupi. Robo saa hivi baada ya jua kuzama, anga huwa na rangi ya samawati iliyokoza, na taa za mji zimekwisha kuwashwa. Simama Kivukoni, Dar es Salaam, wakati huo, uitazame pantoni ikivuka kwenda Kigamboni: mwanga wa anga na mwanga wa taa hukaribia kulingana, na umbo la kila kitu bado laonekana. Kwa kamera yenye vipimo vya mkono, anza na ISO 100, tundu la lenzi namba 8, na sekunde 4. Kisha jaribu 8, halafu 15, ulinganishe. Taa za magari zitakuwa michirizi, nayo ina uzuri wake. Mwezi mpevu, kinyume chake, hautaki muda mrefu, kwa sababu ni jiwe linalomulikwa na jua. Kwa ISO 100 na tundu namba 11, kasi ya 1/125 ya sekunde yatosha. Aidha, usitoke peke yako usiku na kamera, wala usielekeze lenzi kwenye majengo ya jeshi na sehemu nyingine zilizokatazwa.

Katika miaka ya 1930 alikuwako mpiga picha mmoja mjini Paris, aliyejulikana kwa jina la Brassaï, ambaye sifa yake ilitokana na picha za usiku. Inasimuliwa kwamba alipima muda wa kufungua kamera kwa kuvuta sigara: sigara ya namna moja kwa mwanga wa wastani, na nyingine iliyo nene zaidi kwa giza kubwa. Nisingependa msomaji ajifunze sigara. Ninalosifu ni subira yake.

Hesabu ya karatasi

Sasa tuje kwenye mkasi. Watu wengi hudhani kwamba picha ikikuzwa huwa kubwa tu, bila kupungukiwa na kitu. Si hivyo. Picha moja ya filamu ya kawaida ina milimita 24 kwa 36, yaani mbili kwa tatu. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina uwiano huohuo, kwa hiyo picha yaweza kuingia yote. Ukikuza mara mbili, unapata inchi 8 kwa 12. Lakini fremu ya dukani mara nyingi ni 8 kwa 10! Inchi 2 hazina pa kukaa, na fundi huondoa inchi 1 kushoto na inchi 1 kulia. Katika picha ya ukoo mzima, inchi hiyo moja ndiyo nafasi anayosimama mtu. Hapo ndipo alipokuwa shangazi.

Picha nyingi za simu zina uwiano wa tatu kwa nne. Ukizichapa kwenye karatasi ya 4 kwa 6, kinachopungua ni urefu wa kwenda juu: nusu inchi ya vichwa na miguu huliwa. Basi unapopiga, rudi nyuma hatua moja na uache nafasi pande zote. Unapoagiza, sema wazi: "Naomba ichapwe nzima, weupe ubaki pembeni." Na unapoipeleka picha kwa simu, itume kama faili, maana njia ya kawaida huipunguza uzito, na picha iliyopunguzwa haikuziki vizuri. Kwa inchi 8 kwa 10 iliyo safi, nukta 2400 kwa 3000 zatosha.

Kukata picha si dhambi. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyechukia sana kukata picha zake, alilazimika kuikata ile mashuhuri ya mwaka 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, kwa kuwa aliipiga kupitia upenyo wa uzio, na uzio ukaingia ndani. Nawe waweza kuondoa nguzo ya umeme au ndoo iliyosahauliwa. Kata vipande viwili vya kadibodi mfano wa herufi L, uvilaze juu ya picha vikabiliane, na uvisogeze mpaka uridhike. Usiukate mwili kwenye kiungo kama goti au kifundo cha mkono. Mbele ya mtu anayetazama upande acha nafasi zaidi kuliko nyuma yake. Bahari iwe sawa, isionekane kana kwamba maji yanamwagika.

Lakini shika kanuni hii: kata nakala, usikate asili. Katika simu, tengeneza nakala kwanza ndipo uihariri. Na kabla ya kukata, hesabu watu kwa kidole, mmoja mmoja.

Fremu na kioo

Fremu nayo ina mdomo unaofunika kama robo inchi ya kila ukingo. Pia kioo kisigusane na picha, hasa pwani kwenye unyevu, kwa sababu picha hunata kiooni na haibanduki tena bila kuchanika. Mwombe fundi aweke kati yake kadi nene yenye dirisha; kadi isiyo na asidi ndiyo bora, kwa kuwa nyingine huipaka picha umanjano. Ukingo wa chini wa kadi uwe mpana kidogo kuliko wa juu, ndipo jicho litulie. Usitumie selotepu wala gundi ya mbao. Vipande viwili vya karatasi nyepesi na gundi ya wanga, upande wa juu tu, vyatosha kuishikilia. Tundika mahali pasipopigwa na jua, maana picha za rangi hupauka.

Mwisho, andika majina nyuma kwa penseli laini, kuanzia kushoto kwenda kulia, pamoja na mwaka. Kama karatasi inateleza, andika kwenye bahasha. Wahenga walisema: mali bila daftari, hupotea bila habari.

Mwezi uliopita niliifungua fremu ile ya arusi ili nibadilishe kioo kilichopasuka. Chini ya mdomo wa fremu, mahali ambapo jicho halikufika kwa miaka zaidi ya arobaini, nilikuta kiganja cha shangazi, bangili yake, na pindo la kanga. Ni kidogo sana, lakini dada yangu aliitambua bangili ile mara moja, akaketi na kuishika picha kwa muda mrefu bila kusema. Seremala ametutengenezea fremu pana zaidi, yenye kadi ambayo dirisha lake ni kubwa kuliko picha, ili ukingo wowote usifunikwe. Na nyuma yake, mwanzo kabisa wa orodha, nimeandika jina la shangazi.

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Zitoe picha zenu kabatini, kaeni pamoja na wazee wangali hai, muwahesabu na kuwaandika walio pembeni. Tukutane Jumapili ijayo.