Kodi ya Viwanja: Kwanza Tuonyeshwe Hesabu

Kuanzia mwaka wa 1983 hadi 1992 jiji la Nairobi halikuwa na madiwani waliochaguliwa. Lilitawaliwa na Tume ya kuteuliwa, na kodi ya viwanja ikaendelea kutozwa kana kwamba mlipaji hana kinywa. Tulipodai uchaguzi wa haki tulidai pia kwamba anayetutoza awe mtu tunayeweza kumwuliza. Leo tuna gavana na Bunge la Kaunti waliowekwa na kura zetu. Basi na tuwaulize.

Sheria ya zamani ya uthamini ilitaka orodha ya thamani ya ardhi itayarishwe upya angalau kila baada ya miaka 10. Orodha ya Nairobi ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaachwa kabatini hadi rasimu mpya ilipotolewa mwaka wa 2019. Uzembe huo wa takriban miaka 40 ni wa watawala wa jiji. Mzigo wake, hata hivyo, anatwikwa mwananchi kwa mkupuo mmoja.

Wakubwa hutujibu kwamba kiwango kipya ni kidogo mno, asilimia 0.115 tu ya thamani ya ardhi. Jibu hilo ni la kutupumbaza. Mfikirie mjane wa miaka 75 huko Dagoretti, aliyerithi kipande cha ardhi ambacho wathamini wamekikadiria kuwa cha shilingi milioni 20. Atadaiwa shilingi 23,000 kila mwaka. Iwapo riziki yake ni zile shilingi 2,000 za mwezi ambazo serikali huwapa wazee wasiojiweza, kwa mwaka mzima anapokea 24,000. Akilipa kodi, anabakiwa na shilingi 1,000 za unga, chumvi na dawa kwa miezi 12. Na hizo milioni 20 hajaziona kwa macho. Zimo katika karatasi za mthamini, wala hatazishika mpaka auze kiwanja na kuhama. Je, hilo ndilo linalokusudiwa?

Isitoshe, kodi hii hutazama ardhi tupu, si kilichojengwa juu yake. Mjane huyo mwenye nyumba ya mabati atalipa sawa na jirani aliyeinua ghorofa saba juu ya kiwanja cha thamani ileile. Jirani naye atawaongezea wapangaji kodi ya nyumba, na hivyo hata asiyemiliki udongo wa kujaza kiganja atakuwa amelipa. Kifungu cha 201 cha Katiba kinaagiza mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Haki hiyo iko wapi hapa?

Hatusemi jiji liendeshwe bila kodi. Tunasema kaunti ambayo madeni yake yamekadiriwa kupita shilingi bilioni 80 haina haki ya kuomba zaidi kabla ya kueleza ni nani anayedai, kwa kazi ipi, na kazi yenyewe iko wapi. Mnamo Februari 2025, kwa ugomvi wa madeni, taka zilimwagwa mbele ya makao makuu ya kampuni ya umeme. (Mtu angeuliza: magari hayo huwa wapi taka zinapooza sokoni?) Serikali kuu nayo, yenye ardhi tele jijini, kaunti inaidai mabilioni. Mdeni huyo hubembelezwa kwa barua. Mdogo hutishwa kwa mnada. Kila mara riba inaposamehewa, aliyechelewa makusudi hupata nafuu, na aliyejinyima akalipa mapema huachwa akijiona mjinga.

Wenzetu wa Karen na Lang'ata walikwenda Mahakama Kuu katika miaka ya 1990 kupinga kulipia huduma wasizopewa. Wao walikuwa na uwezo wa kuwalipa mawakili. Kariobangi na Dagoretti watasemewa na nani?

Hapa nawageukia wachungaji na wazee wa kanisa. Ardhi inayotumiwa kwa ibada imesamehewa kodi hii kisheria, na ni vyema. Lakini mwumini anayeketi katika benchi hajasamehewa, na kanisa lisinyamaze kwa kuwa lenyewe limepona. Mswada wa Fedha wa kaunti unapotangazwa, siku na mahali pa kutoa maoni pasomwe pamoja na matangazo ya Jumapili. Kila mtu aje na stakabadhi zake za miaka mitatu na barua yenye swali moja, akabidhi nakala na kudai ya pili igongwe muhuri mbele yake: fedha nilizolipa zilifanya nini katika mtaa wangu?