Madigadi ya Motokaa

Wengine husema kwamba motokaa za siku hizi hazina haja ya madigadi, kwa kuwa barabara zimetiwa lami, na bodi yenyewe hufunika magurudumu. Lakini atazamaye Feri wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, huona maji machafu yamesimama juu ya lami ile ile. Gurudumu huyarusha nyuma na kando. Dereva amefunga vioo, hapati hata tone. Apatwaye ni mchuuzi aendaye Kariakoo kwa miguu, amejitwika kapu la samaki. Basi na aulizwe yeye kama madigadi yafaa! Bodi pekee haitoshi, maana haifiki chini. Kipande cha mpira kining'inizwacho nyuma ya gurudumu huzuia tope jingi, nacho hupatikana katika maduka ya vipuri pale Gerezani.