Usimjazie Mkeo Fomu ya Visa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za kuandika programu zilinibana. Leo nina neno kwa akina baba.

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja hapa Kambi Muru. Jirani yangu amepata nafasi ya utafiti Marekani kwa visa ya J-1, ile ya wageni wa mipango ya mabadilishano. Mkewe na mtoto wanaomba J-2, visa ya wategemezi. Bwana alikuwa kwenye kompyuta akijaza fomu ya DS-160 ya mkewe. Mama mwenyewe yuko kwenye benchi, kampakata mtoto. Swali la kazi lilipofika, bwana akachagua "mama wa nyumbani." Nikamgeukia mama: "Shemeji, na ile cherehani yako ya Makina?" Akacheka tu. Bwana akajibu, "Hiyo ni kazi ndogo."

Sisi watunga programu tunajua: ukiingiza data mbovu, utapata majibu mabovu. Siku ya mahojiano ubalozini Gigiri, ofisa akimwuliza mama kazi yake, atasema anashona nguo. Fomu itasema vingine. Nani ataonekana mwongo? Kusaidiwa kujaza kunaruhusiwa, na fomu yenyewe inauliza kama umesaidiwa. Lakini kitufe cha mwisho cha kutia sahihi ni cha mwombaji mwenyewe. Mzazi humtilia sahihi mtoto wa chini ya miaka 16.

Tena fomu inauliza akaunti za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa visa za J wanatakiwa kuziacha wazi kwa umma. Je, bwana, unazijua zote za mkeo?

Neno "mtegemezi" linatudanganya. Ni kweli J-2 inasimama juu ya J-1: mpango wa mume ukifungwa, ruhusa ya mke nayo inaisha. Mume akiwa na sharti la kurudi nyumbani miaka 2, kama wengi wanaolipiwa na serikali, sharti hilo linamfunga mke pia. Lakini kila mtegemezi ana hati yake ya DS-2019. Mwenye J-2 anaweza kusoma. Akishafika anaweza pia kuomba kibali cha kazi, jambo ambalo mke wa mwanafunzi mwenye F-2 hana, mradi pesa zake zisiwe za kumtunza mwenye J-1. Mama yule hakuwa amesikia hata moja kati ya haya. Cherehani iliyoitwa kazi ndogo ingeweza kuwa kazi yake huko!

Maoni yangu ni haya: anayebeba masharti ya visa ndiye ashike kibodi. Kama Kiingereza kinampiga chenga, mkalie karibu umtafsirie, lakini majibu yawe yake.

Bwana alimpisha mkewe kiti, akampokea mtoto. Mtoto akalia, wakatoka nje kumbembeleza, na waliporudi fomu ilikuwa imejifunga, maana huachwi zaidi ya dakika 20 hivi bila kuigusa. Bahati nzuri mama alikuwa ameihifadhi na kuandika namba ya maombi kwenye daftari lake. Akaendelea alipoachia. Kwenye swali la kazi, sasa panasomeka kazi yake.

Nawe uliyeoa, mkeo anajua fomu yake inasema nini?