Punda Si Mvivu, Ekseli Yako Ndiyo Imekaa Vibaya

Wacha nianze mbali kidogo, mtanivumilia. Wiki iliyopita nilikesha nikiangalia video za watu wa ski. Zile mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji, zile Philip Boit alivaa kule Nagano, Japani, mwaka 1998, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho mbio za kilomita 10, na bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamngojea amkumbatie. Hiyo wengi mnaijua. Chenye sikuwa najua ni kwamba watu wanagombana kabisa kuhusu mahali pa kutoboa ski ili wafunge kile kifungio cha buti. Mmoja anasema fuata alama ya kiwanda. Mwingine anasema rudisha nyuma sentimita moja. Wengine wanalaza ski juu ya ukingo wa rula, wanaisogeza hadi itulie bila kuinama mbele wala nyuma, ndio wanachora mstari. Sentimita moja, jamani. Na ni mtu anaenda kucheza.

Asubuhi nikatoka nje hapa Mtito, nikakutana na mkokoteni umebeba mitungi ya maji. Punda ameinamisha kichwa, mgongo una kidonda cha ukubwa wa kiganja, na kijana anamchapa. Nikamuuliza shida ni nini. Akaniambia, "Huyu ni mvivu, boss."

Sasa hapo ndipo nimekasirikia. Nikainua ile mikono ya mkokoteni pale inalala kwa punda. Mikono yangu yote miwili, na bado nilikuwa natetemeka. Hiyo si uvivu. Hiyo ni ekseli imefungwa mahali si pake, na mwenye kulipa ni mnyama.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo mwenye digrii akuje anisahihishe. Lakini hii hesabu ni ya fizikia ya kidato cha pili. Mitungi 12 ya lita 20 ni kilo 240 za maji, plastiki sijahesabu. Sema katikati ya mzigo iko sentimita 30 mbele ya ekseli, na kutoka ekseli hadi mgongo wa punda ni sentimita 180. Zidisha 240 kwa 30, gawa kwa 180. Unapata 40. Kilo 40 zimelala mgongoni, yaani mitungi miwili, na bado anavuta yote 12. Halafu kijana wa kilo 60 anaruka kukaa pale mbele, sentimita 80 kutoka ekseli, anaongeza karibu kilo 27 zingine. Mkifika mteremko wa kushuka mtoni mzigo unaegemea mbele zaidi. Na unauliza kwa nini anasimama?

Sogeza hiyo ekseli mbele sentimita 25 peke yake. Mzigo ule ule, mitungi ile ile, mgongoni zinabaki hata kilo 8 hazifiki. Hujanunua kitu. Hujapunguza maji.

Nilienda kwa fundi mmoja wa kuchomelea nikamuuliza anapima aje. Akacheka. "Kijana, hii mikokoteni nilianza kuchomea kabla uzaliwe." Sawa mzee, heshima yako iko pale pale, lakini hilo si jibu. Nikambembeleza hadi akasema ukweli: anaweka ekseli nyuma kidogo ili mkokoteni usipinduke ukipakiwa bila punda. Umeona? Ni ya kumsaidia mwenye kupakia. Na ili isipinduke dakika kumi za kupakia, punda anabebeshwa kilo 40 njia nzima. Si uweke kijiti cha kuegemeza, bana. Kijiti ni bure.

Na msikimbilie upande ule mwingine ati sasa turudishe mzigo wote nyuma. Ukizidi nyuma, mikono inainuka, mkanda wa tumbo unamkaba, na kwa mlima anavuta huku anainuliwa. Inatakiwa ilemee mbele kidogo tu, kiasi mtu mmoja anainua ncha za mikono bila kukunja uso.

Kuna wenye wataniambia, "Ni punda tu, hiyo maneno ni ya wazungu." Haya. Barabara hii yetu ya Mombasa ina malori usiku na mchana. Lori likifika mizani ya Mariakani hawapimi jumla peke yake, wanapima kila ekseli. Jumla inaweza kuwa sawa na bado uambiwe upange mzigo upya kwa sababu ekseli moja imezidiwa. Hiyo ni sheria, na ni ya kulinda lami. Lami imetungiwa sheria. Mgongo unaoleta maji nyumbani kwa mama yako umetungiwa methali, ati shukrani ya punda ni mateke.

Na usiniambie punda ni rahisi kupata mwingine. Mmesahau miaka ile ya machinjio, moja ikiwa hapo tu Machakos, watu wakiamka wanakuta kamba imekatwa? Ilibidi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakubaliane kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi bara nzima. Chemchemi za Mzima ziko hapo ndani ya Tsavo Magharibi, na maji yake yanaenda hadi Mombasa kwa bomba. Sisi majirani tunaenda na punda. Akilala wiki moja na kidonda, ni mtoto anabeba mtungi kabla ya shule. Tunajuana hapa, msijifanye.

Kupima ni kazi ya nusu saa. Kabla ya kufunga ekseli, laza kitanda cha mkokoteni juu ya bomba la chuma, na mikono ikiwa tayari imeungwa. Pakia venye unapakia kila siku, mitungi imejaa, si mitupu. Sukuma mbele na nyuma hadi kitulie. Piga chaki hapo. Ekseli ikae sentimita tano nyuma ya chaki. Na tafadhali, funga kwa bolti, usichomelee. Ukibadilisha kutoka mitungi hadi drumu, utasogeza. Wale wa ski wana vifungio vya kusogea, sisi hata bolti tunaona ni anasa.

Kama yako imeshachomelewa, anza leo kwa kupanga mitungi nyuma, na wewe ushuke utembee. Una miguu.

Jumamosi nitakuwa kwa fundi yule yule na bomba, chaki na futi. Amekubali, ingawa amesema akinishinda nitamnunulia chakula mwezi mzima. Kujeni na mikokoteni yenu. Mitungi ikuwe imejaa.