Kontroli boksi ya mafuta: lipia kipimo kwanza, kifaa baadaye

Msimu wa alizeti ukifika, mfanyabiashara wa Kinyangiri mwenye pikapu moja huwa na wiki chache tu za kutengeneza faida. Anazunguka vijijini, anakusanya magunia, anayatoa hadi Iguguno kwenye lami, na kutoka hapo mzigo unakwenda Singida mjini kwa wenye viwanda vya kukamua. Gari likilala siku nne, wenzake wamekwisha kusomba. Kwa sababu hiyo wiki hii tunaziacha bei za mazao na kutazama kifaa kimoja kidogo cha gari ambacho kimeanza kula mitaji ya wafanyabiashara wadogo wadogo.

Mafundi wetu wanakiita kontroli boksi. Ni kompyuta inayoamua nozeli ifungue lini, kwa muda gani, na pampu isukume dizeli kwa nguvu kiasi gani. Canter za zamani zenye injini ya 4D33 hazina mambo hayo. Pampu yao ni ya chuma na springi, na fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaifungua na kuifunga. Lakini tangu kampuni ya Denso ya Japani ilipoanza kuuza mfumo wa dizeli wa kompyuta kwenye malori mwaka 1995, na Bosch ya Ujerumani ikafuata kwenye magari madogo mwaka 1997, magari ya namna hiyo yamekuwa yakiingia nchini kama mtumba, mwaka baada ya mwaka. Pikapu ya Toyota yenye injini ya 1KD, kwa mfano, aghalabu huwa na maboksi mawili: kompyuta kuu, na boksi la pili linalopandisha umeme wa betri ili uwe na nguvu ya kufungua nozeli. Gari la kisasa tumelinunua, ila bado tunalitibu kizamani.

Mwenyeji wangu mmoja pale Kinyangiri yalimkuta msimu wa mavuno. Pikapu yake ilianza kuzima njiani, ikawaka tena, hatimaye ikagoma kabisa. Akaivuta hadi mjini. Fundi akachomeka mashine, ikatoa namba P0200. "Bosi, kontroli boksi imekufa," akaambiwa. Hakutozwa hata senti kwa kipimo hicho, na hapo ndipo ilipo hasara yenyewe. Fundi asiyelipwa kwa kupima atalipwa kwa kuuza kifaa, kwa hiyo kila ugonjwa utaishia kwenye kifaa. Boksi la mtumba likaagizwa Dar es Salaam, likaja kwa basi karibu kilomita 700, likafungwa. Namba ikarudi ile ile.

Namba P0200 haisemi kwamba boksi limekufa. Inasema kuna hitilafu kwenye njia ya umeme wa nozeli, basi. Hitilafu inaweza kuwa kwenye waya uliokatika, plagi iliyoingia maji, nozeli yenyewe au fyuzi, na pia kwenye boksi. Kadhalika P0087 inasema shinikizo la dizeli ni dogo mno, lakini haikwambii kama chanzo ni chujio lililoziba, pampu iliyochoka au hewa inayoingia kwenye mpira wa mafuta. Mashine inakuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Kuitafuta hakuhitaji miujiza. Anza na betri. Ikiwa imepumzika na imejaa inapaswa kuonyesha takribani volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isianguke sana chini ya 10, kwani kompyuta yenye njaa ya umeme hutoa uongo mwingi. Kisha fyuzi na rilei. Kisha waya wa ethi, ambao mafundi wengi huuruka: mita ikiwekwa kati ya ncha hasi ya betri na bodi ya injini wakati stata inazunguka, isionyeshe zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti. Halafu plagi za boksi zenyewe zifunguliwe, zitazamwe kama kuna kutu, maji au pini iliyorudi nyuma, na waya zitikiswe injini ikiwa inawaka ili kuona kama itazima. Na chujio la dizeli libadilishwe kama halina historia. Boksi linahukumiwa mwishoni kabisa, pale umeme unapoingia sawasawa, ethi ni nzima, taarifa za vihisio zinafika, na bado amri haitoki.

Kwa gari la mwenyeji wangu tatizo lilikuwa ethi. Alikuwa amechomelea keria ya mabomba ili apakie magunia zaidi, na mchomeleaji hakufungua betri. Boksi lilinusurika kwa bahati, lakini waya wa ethi uliungua kwenye kifungio chake na kuliwa na kutu polepole. Dawa ilikuwa waya mpya na boliti safi. (Ukichomelea chochote kwenye gari lenye kompyuta, fungua betri kwanza. Kuigeuza betri wakati wa kubusti na kuosha injini kwa maji ya presha ni njia nyingine mbili za kuliua boksi zima.)

Tufanye hesabu ya mfano. Boksi la mtumba shilingi 600,000, nauli na kifurushi 60,000, siku 5 za gari kulala ambazo kila moja ingeleta faida ya 80,000, yaani 400,000. Jumla 1,060,000. Fundi anayejua angetoza 50,000 kwa saa tatu za kupima. Hata angetoza 100,000 bado ni chini ya sehemu moja ya kumi. Mfanyabiashara anayebishana bei ya gunia kwa shilingi 500 anaona 50,000 ya kipimo ni wizi "kwa sababu hakuna kilichofungwa". Lawama hii siwatupii mafundi peke yao. Sisi wateja ndio tuliowafundisha kwamba kichwa hakina bei, spea ndiyo yenye bei.

Wapo watakaosema mashine za kupimia ni ghali na Mkalama ni mbali. Ni kweli kwamba wilaya hii, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, haijajaa karakana za kompyuta. Lakini kwa mwekezaji mdogo hiyo ni habari njema. Mashine ya kusoma namba za kawaida si kitu cha mtaji mkubwa, mita ya umeme ni rahisi zaidi, na vijana waliosoma umeme wa magari VETA wapo wanaotafuta pa kushikia. Pikapu, Noah na malori yanayopita njia ya Iguguno hayapungui. Anayetaka kuweka fedha asiweke duka jingine la vifaa vya mtumba, aweke kibanda cha kupima, chenye bei ya kipimo iliyobandikwa ukutani na risiti inayoandika volti zilizoonekana.

Na ikithibitika boksi limekufa kweli? Hapo nunua kwa akili. Namba ya kifaa iliyo kwenye lebo ifanane mpaka herufi ya mwisho, maana maboksi mawili ya sura moja yanaweza kuwa ya injini tofauti. Funguo zenye chipu zitahitaji kusajiliwa upya, na kwenye injini nyingi za kisasa kila nozeli ina namba yake ya kuingizwa kwenye kompyuta. Uliza ni nani atafanya kazi hiyo kabla hujatuma fedha. Na usikubali boksi jipya lichomekwe "tujaribu tu" kabla ya kupima nozeli na waya, kwa kuwa nozeli iliyopiga shoti italiunguza la pili kama ilivyounguza la kwanza. Andikishaneni pia muda wa kurudisha. Wauzaji wengi hawapokei kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa, na kwa upande wao wana haki.

Neno kuhusu dizeli ya madumu. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, ili kuua biashara ya kuchakachua. Hayo yalisaidia kwenye sheli. Dumu la njiani halina mlinzi, na vumbi au maji yake huishia kwenye pampu na nozeli, kisha kompyuta ndiyo inayosingiziwa.

Mwenyeji wangu alirudi barabarani, ila msimu ulikuwa umekwisha kwa upande wake. Boksi la Dar es Salaam liko kwenye rafu ya duka lake, kati ya sabuni na betri za tochi. Wateja wawili wamelishika, wakasoma namba, wakalirudisha.