Kuzama si Mchezo wa Wageni

Msomaji, simama ufukoni Diani asubuhi moja ya kaskazi, bahari ikiwa shwari. Utaona jambo ambalo limezoeleka hata halimshangazi mtu tena. Mashua hung'oa nanga ikiwa imejaa wageni waliotoka ng'ambo ya mbali. Wamevaa mavazi ya mpira, wamebeba mitungi ya hewa, nao wanakwenda kuzama. Mchangani amesimama kijana aliyezaliwa Ukunda, akiwatazama. Bahari ile ni ya kwao, lakini yaliyo chini yake ameyaona katika picha tu, kama anavyoiona theluji ya Ulaya.

Jambo hili ni aibu kwetu, na zaidi ya aibu ni hasara. Nasema kwamba mwanafunzi wa Kwale anayemaliza shule bila ya kuwahi kutazama chini ya maji amenyimwa sehemu ya elimu yake. Nasema pia kwamba bahari yetu haitalindwa na watu wasiopata kuiona. Wahenga walinena: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Hebu uliza darasani mwako: ni wangapi waliowahi kuliona tumbawe likiwa hai? Wengi watakuambia kuwa tumbawe ni jiwe la kujengea nyumba au la kuchomea chokaa. Walakini tumbawe ni mnyama, au tuseme ni mji wa wanyama wadogo wengi walioshikamana. Ndani ya miili yao huishi vimea vidogo mno, ambavyo huwapa chakula na rangi. Tumbawe la mviringo hukua yapata sentimita 1 kwa mwaka. Basi lile lenye kimo cha mita 1 lilianza maisha yake yapata miaka 100 iliyopita, na nanga moja iliyotupwa kwa uvivu huweza kulivunja kwa dakika moja.

Miji hiyo iko karibu nawe. Toka Shimoni kwa chombo, upite Wasini, kisiwa kitulivu kisicho na motokaa hata moja, ambako Wavumba hukinga maji ya mvua kwa sababu kisiwa hakina mto. Mbele yake utavikuta visiwa vya Mpunguti na mwamba wa Kisite, ambao ni hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1970. Hapo kasa huja kula, taa hujifukia mchangani, na pomboo hucheza mbele ya omo. Baina ya Julai na Oktoba nyangumi hupita na watoto wao. Watu huvuka nusu ya dunia kuja kuyaona haya, ilhali wewe unaishi karibu nayo na huyajui.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema kwamba kuzama ni mchezo wa Wazungu. Msemaji huyo hakumtazama jirani yake. Wako wavuvi wa Msambweni, Gazi na Vanga wazamao kwa pumzi zao tupu, wakiwa na miwani ya maji na mshale, kutafuta pweza na kamba. Hakumbuki historia pia. Katika karne ya 19, Waafrika wengi walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu mpaka Ghuba, na baadhi yao walitiwa katika kazi ya kuzamia lulu. Walibana pua kwa kibanio, wakashuka kwa uzito wa jiwe, na lulu zikawatajirisha wengine. Mtungi wa hewa ulikuja baadaye sana. Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa chake cha kupumulia huko Ufaransa mwaka 1943. Je, kazi iliyofanywa na watu wetu kwa mateso iwe ngeni kwetu leo inapoweza kufanywa kwa hiari na kwa elimu?

Wa pili atasema kwamba bahari huua. Ni kweli, wala sitamdharau mzazi aliyepoteza mtu majini. Lakini asiyejua kuogelea ndiye auawaye upesi. Kuzama kwa mtungi kuna sheria zake. Kila mita 10 za kina huongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu tukiwa nchi kavu. Mzamaji akibana pumzi wakati wa kupanda juu, hewa iliyo mapafuni hutanuka na huweza kuyapasua. Kwa hiyo mtu asizame kwa mtungi bila ya mwalimu. Na hiyo ni hoja ya kutaka walimu, si hoja ya kukaa ufukoni. Ama stara ya wasichana, haina ugomvi na maji. Huko Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yenye kusitiri mwili wote.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito zaidi. Atasema kwamba hifadhi za bahari ziliwanyang'anya wavuvi miamba ya babu zao ili wageni wapate pa kuchezea. Simwiti mwongo. Mvuvi aliyekatazwa kutupa mshipi mahali alipofundishwa na baba yake ana haki ya kuuliza kwa nini. Hifadhi ya Diani na Chale ilitangazwa mwaka 1995; wavuvi wakaipinga, na miaka mingi ikapita huku tangazo likibaki karatasini. Fundisho lake ni nini? Ni kwamba amri haitoshi. Mwamba unaolindwa hulea samaki wakubwa, nao huzaa kwa wingi na kutoka nje ya mpaka hata wakaingia katika malema ya mvuvi yule yule aliyelalamika. Lakini ukweli huu hauonekani kwa mtu aliye juu ya maji. Mwanawe akizama na kurudi nyumbani akahadithia, ataaminiwa kuliko afisa yeyote.

Sasa sikiliza sababu iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1998 maji ya bahari yetu yalipata joto lisilo la kawaida. Matumbawe yakatema vimea vyake, yakawa meupe kama mifupa, na sehemu kubwa yakafa. Mwaka 2016 joto lilirudi. Lakini mtu aliyesimama ufukoni siku hizo aliona nini? Aliona bahari ya samawati, nzuri kama jana. Msitu ukiungua, moshi huonekana toka mbali na watu hukimbilia kuuzima. Mwamba hufa bila ya moshi wala kilio, na asiyezama hupata habari siku samaki wamekwisha.

Wala sitaki yasiyowezekana. Vijana wa Wasini na Mkwiro wamejifunza kuzama kwa mitungi, nao hupanda vipande vya matumbawe hai mahali palipoharibika, kama mkulima apandavyo mihogo. Hawakuzaliwa na mapezi, walifundishwa. Kilichowezekana kwao kinawezekana Msambweni, Diani na Vanga.

Basi kila shule ya pwani na iwafundishe wanafunzi wake kuogelea, kama inavyowafundisha kusoma ramani. Kila mwanafunzi na apelekwe angaa mara moja kuutazama mwamba kwa miwani ya maji. Wenye biashara ya kuwazamisha wageni na wawafundishe vijana wa hapa kazi yote, hata waweze kuongoza wazamaji, si kubeba mitungi tu.

Nawe, msomaji, usingoje kuamriwa. Jifunze kuogelea kwanza. Ukiingia majini usikanyage tumbawe, usimguse kasa, usitupe nanga juu ya mwamba, wala usinunue kombe lililong'olewa likiwa hai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na urithi wako, ewe mtoto wa pwani, umo chini ya maji. Inama uutazame kabla haujakwisha.