Kabla ya Kuuliza Uwekeze Wapi, Angalia Deni la Simu

Wateja wetu wenye biashara ndogo hutuuliza sana: niweke wapi pesa zangu zizae? Wengi hutarajia tutaje hisa, shamba au sako. Maoni yetu ni kwamba, kwa mtu anayekopa kwa simu kila mwezi, hakuna uwekezaji utakaomlipa kuliko kumaliza hilo deni.

Tupige hesabu. Tuseme uko na kibanda cha mitumba Gikomba. Una shilingi 10,000 kwenye mfuko wa uwekezaji wa soko la fedha, na mfuko unalipa asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka ukiisha umepata 1,000. Serikali inakata kodi ya asilimia 15 ya hiyo faida, unabaki na 850. Sawa, si haba.

Lakini kila mwezi, siku ya kununua beli ikifika, unakopa 10,000 kwa simu kwa sababu ile akiba "haiguswi". Mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5 unakugharimu 750. Ukirudia miezi 12, umelipa 9,000, na hapo hatujaongeza ushuru. Yaani umelipa 9,000 ili usiguse pesa iliyokuletea 850. Ungejikopesha mwenyewe na kujirudishia kila beli ikiisha, hizo 8,150 zingebaki mfukoni mwako.

Mbona watu wazuri wa hesabu, wanaojua bei ya kila shati mezani, hawaoni hii? Ni kwa sababu 7.5 inaonekana ndogo kuliko 10. Moja ni ya mwezi, nyingine ni ya mwaka. Izidishe mara 12 na unapata 90.

Sababu ya pili iko kwa simu yenyewe, na hapa tunaongea kama watu wanaotengeneza hizi programu. Kitufe kinachokaa juu kwenye skrini ndicho kinachobonyezwa. Kukopa huchukua sekunde chache. Kutoa akiba kutoka kwa mfuko kunaweza kuchukua siku mbili au tatu za kazi. Mteja akiwa mbele yako na muuzaji wa beli anapiga simu, utachagua njia fupi. Kwa hivyo tunaamini kila programu ya mikopo, yetu ikiwemo, inafaa kuonyesha gharama ya mwaka kando ya ada ya mwezi, kwa maandishi ya ukubwa ule ule. Mikopo itakayotolewa huenda ikapungua. Heri hivyo kuliko kuwa na mteja anayefanya kazi mwaka mzima kulipa ada tu.

Si ati mkopo wa simu ni sumu. Muuza nyanya wa Marikiti akikopa 5,000 asubuhi, auze kreti zake zote, na jioni awe na 6,000, amelipa 375 na bado amebaki na faida. Shida ni bidhaa inayokaa. Viatu vya shule ukivinunua Oktoba kungoja Januari, deni la siku 30 litaiva mara mbili tatu kabla ya kiatu kutoka. Kabla ya kukopa jiulize bidhaa itauzwa kwa siku ngapi. Ikiwa ni zaidi ya muda wa mkopo, nunua kidogo kwa pesa yako.

Kingine: usipokee pesa za duka kwa laini yako ya kibinafsi. Ukiwa na deni la salio lililopitiliza kwenye laini hiyo, pesa ya mteja ikiingia tu inakatwa kulipa deni. Unaona umeuza na salio halisongi. Mwishowe hujui kama biashara inapata hasara au ni matumizi ya nyumbani yanayoila. Till ya biashara ikae kivyake, na ujilipe kiasi kimoja kila wiki.

Deni likiisha, sasa tuongee uwekezaji. Mwaka wa 2017 serikali ilipoleta M-Akiba, mtu angeanza na 3,000 kwa simu na kupata asilimia 10 kwa mwaka bila kodi. Hatifungani za kawaida za Benki Kuu zinataka angalau 50,000. Kwa mfuko wa soko la fedha, hakikisha msimamizi wake ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na ujue kwamba ile bima ya hadi 500,000 inayolinda amana za benki haiko huko.

Usipeleke zote, lakini. Bacha pesa ya beli moja mahali unapoweza kuitoa siku hiyo hiyo, maana ikikosekana utarudi kwa kile kitufe.